Vyuma Bila Mipini

Dukani kwa Lukumani, Mzee Dismasi Ntahomvukiye hakuuliza kifaa kimetoka nchi gani wala kitadumu muda gani. Alikishika, akakipandisha na kukishusha mkononi kama mtu anayepima kuku mnadani, kisha akakiweka kulia au kushoto. Kulia kulikuwa kwa vile vyepesi. Kushoto kulikuwa kumejaa, na karibu kila kilichokuwa huko ndicho Rustika, binti yake, alichokuja kukitafuta.

Walikuwa wametoka Ulyankulu asubuhi na mapema, wakaingia Tabora mjini wakiwa wekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi. Rustika alikuwa amesoma useremala katika chuo cha ufundi hapo hapo mjini, kisha akafanya kazi kwenye karakana za watu, akiwashikia mbao wanaume waliomwita mrembo badala ya kumwita jina lake. Alikuwa msichana wa sauti ndogo. Lukumani alimwomba arudie kila alichosema, na kila aliporudia sauti ilizidi kuwa ndogo, mpaka Lukumani akaamua kufuata kidole chake kinapoelekea.

Alikuwa amerudi nyumbani na wazo moja. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na ghala ambamo zamani walihifadhi tumbaku. Alitaka ghala hilo liwe karakana, na humo wafanye kazi wawili, yeye na baba yake. Maana mikono ya Mzee Ntahomvukiye ilikuwa inajulikana Ulyankulu yote. Mlango aliouunga yeye ulifungwa kwa kidole na haukupiga kelele masika wala kiangazi. Lakini mzee huyo maisha yake yote hakuwahi kuwa na mahali pa kazi. Ukimhitaji, alikuja kwako na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na vyuma vitupu: bapa la randa, tezo, patasi, kichwa cha nyundo. Aliingia kwenye kichaka chako, akakata miti, akachonga mipini, akakaa uani kwako mpaka mlango ukaisha. Siku ya kuondoka aliigonga mipini yote ikatoka, akampa mkeo akapikie, akafunga gunia lake na kwenda. Watu walimtania kwamba Fundi Ntaho anakula mipini.

Yeye hakuona la kuchekesha. Mwaka wa sabini na mbili alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, aliyekuwa seremala wa misheni huko Burundi, aligonga mipini ya vyuma vyake vyote asubuhi ile waliyokimbia mauaji, ili mzigo upungue, akamtwika mwanawe patasi na tezo. Walipolala walikata mipini, walipoamka waliitoa. Walipofika Ulyankulu, kukiwa bado ni msitu tu na fisi, vyuma vile ndivyo vilivyowalisha. Baadaye uraia ukaja, cheti kikawekwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, watoto wakazaliwa, mahindi yakavunwa kiangazi baada ya kiangazi. Mzee akaendelea kugonga mipini.

Kwa hiyo Rustika alichokuja kununua Tabora hakikuwa vyuma tu. Alitaka baba yake awe na msumari ukutani, wa kutundikia koti lake la kazi, na kesho yake alikute pale pale.

"Mzee wangu," Lukumani alisema alipochoka kutazama, "unachagua vifaa au unachagua mzigo wa kichwani? Babu zangu walibeba pembe kutoka hapo Kwihara mpaka pwani. Kazi hiyo ilikwisha. Siku hizi kuna Fuso."

"Fuso huja siku uliyoliita," mzee akajibu, bila kuinua macho. "Kuna siku nyingine, hizo haliji."

Lukumani akacheka, akidhani ni mzaha.

Walifika kwenye patasi. Mzee alitaka zisizo na mipini. Lukumani akamwambia patasi kama hizo hata marehemu baba yake hakuwa anaziuza. Zake zilikuwa za mpini wa plastiki ya njano, umemiminwa juu ya chuma kiwandani. Rustika akamweleza baba yake, akiwa amemkaribia sikioni, kwamba mpini ule una kifuniko cha chuma juu, unaugonga kwa nyundo na haupasuki, na hauchezi hata mbao ikiwa mninga mkavu. Mzee alipitisha ukucha pale plastiki ilipokutana na chuma, akazunguka nao mpaka akarudi alipoanzia.

"Sasa huu ukitaka kutoka unatokaje?"

"Hautoki, baba. Ndio uzuri wake."

Akairudisha mezani, katikati, si kulia wala kushoto.

Mambo mengine walipatana. Futi kamba aliipenda mno, akaivuta na kuiachia mara kadhaa kama mtoto. Jiwe la kunolea alilinusa. Msumeno aliukunja, akauachia, akausikiliza unavyolia, uso ukamlainika. Kisha akaona mpini wake umekazwa kwa skrubu, akaomba bisibisi inayoingia kwenye skrubu zile sawasawa. Rustika alifurahi kumwona ameomba kitu mwenyewe. Hakujiuliza ameombea nini.

Jiliwa, chuma cha kubania mbao benchini, Rustika alilichagua mwisho, kwa kuwa aliliogopa. Lilikuwa la chuma cha kumimina, la rangi ya kijani, meno yake mapana kama kiganja, na Lukumani alimwita kuli mmoja amsaidie kulisogeza kutoka chini ya rafu. Chuoni waliambiwa kwamba benchi lisilo na jiliwa ni meza ya kulia. Rustika alizungusha mkono wa jiliwa, meno yakafunguka bila kukwaruza. Akaligusa tena, mara hii bila sababu.

Mzee hakulipima. Alilitazama kwa mbali.

"Hili utalihamishaje?"

"Silihamishi," Rustika akasema. Kwa mara ya kwanza siku ile Lukumani alimsikia bila kuomba arudie.

Mzee aliangalia barabarani, wanakopita watu na baiskeli zao za mkaa. Akasema, haya, ni vyako. Akaenda nje kukaa kwenye ngazi, akakaa huko mpaka vitu vikafungwa.

Benchi lilijengwa kiangazi kile. Mzee aliliunga mwenyewe, kwa mbao za mkurungu, na maungo yake yalikaa vizuri hata maji yasingepita. Lakini siku ya kuchimbia miguu chini na kumimina zege, mgongo ulimshika ghafla, akaenda kukata nyasi za kuezekea, kazi ambayo mgongo wake haukuilalamikia. Rustika alichanganya zege peke yake. Kisha akalifunga jiliwa kwa bolti nne zilizopenya ubao, na kwa kuwa wezi wa Ulyankulu wana spana kama watu wengine, akaziponda ncha za bolti kwa nyundo mpaka nati zisiweze kurudi nyuma. Mzee aliporudi na nyasi zake aliinama, akachungulia chini ya benchi.

"Umelifunga kama maiti," alisema.

Hakukanyaga tena humo kwa muda. Alikaa mlangoni, nusu ya mwili juani, akimpa shauri mtu ambaye hakumwuliza. Halafu siku moja Rustika alikuwa anahangaika na kizingiti kirefu, mzee akaingia, akakibana kwenye jiliwa, akapiga randa kutoka mwanzo hadi mwisho kwa pumzi moja. Unyoya wa mbao ulitoka mrefu, ukajikunja sakafuni. Akalegeza, akageuza, akabana tena. Alikuwa amezoea kushikilia mbao kwa goti na kisigino. Sasa mikono yote miwili ilikuwa huru, na Rustika aliona anavyoitazama, kama mtu aliyerudishiwa kitu ambacho hakujua alinyang'anywa. Tangu hapo alikuja kila asubuhi. Alipiga mluzi wa nyimbo za kanisani, akiziharibu.

Kisha ikafika jioni moja ambayo mzee alinawa mikono na kwenda kula, na vyuma vyake vya zamani vikabaki benchini na mipini yake. Mama yake Rustika, Esperansi, ndiye aliyegundua, alipokwenda kuchukua mabaki ya mbao ya kuwashia moto. Alirudi jikoni bila mabaki yoyote, akakaa juu ya kigoda.

"Leo mume wangu analala kwake," alimwambia binti yake. "Analala kama watu wenye kwao."

Rustika aliinamia sufuria ili machozi yasingiziwe moshi.

Ndipo ikaja kazi ya Goweko. Masista wa huko walikuwa wakijenga nyumba, wakataka milango na madirisha ya mninga, na mwalimu mmoja wa chuo akawatajia jina la Rustika. Ilikuwa kazi ya kuanzisha jina. Akaondoka kwenda kupima, maana hakuamini vipimo vya simu, akapanga kulala huko na kurudi kesho yake. Mzee alimsindikiza barabarani. Akamsisitiza apime kila tundu la mlango juu na chini, kwani waashi ni watu waongo.

Yaliyotokea siku ile aliyokuwa hayupo alisimuliwa baadaye na mama yake. Walikuja vijana, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wamevaa fulana za kung'aa, wana kopo la rangi nyekundu na kamba ndefu. Walipita shambani, wakapita uani, wakasalimia shikamoo vizuri tu, wakafika kwenye kona ya karakana na kupiga pale alama ya mistari miwili iliyopishana, kubwa, nyekundu. Wakaendelea mbele. Mzee hakuwauliza kitu. Katika maisha yake yote hakuwahi kupata faida kwa kumwuliza mtu mwenye kopo la rangi.

Miaka ile ya nyuma, wakati watu wa Ulyankulu walipokuwa wakisubiri kujua watakaa au watapelekwa mkoa mwingine, mlango wake ulikuwa umeandikwa namba kwa rangi kama ile. Walikaa na namba hiyo misimu mingi. Hawakuezeka, hawakupanda mwembe, hawakujua wavune au waache. Kisha ikatangazwa kwamba watabaki, lakini hakuna aliyekuja kuifuta namba. Mzee aliikwangua mwenyewe kwa patasi.

Jirani yao Vedasto alikuja mbio kusema kwamba ni umeme, nguzo zinakuja, kila wanapoweka alama ndipo waya utakapopita. Lakini Vedasto ndiye aliyesema mara ile kwamba namba ni za kugawia vyandarua. Tena nyumba ya Vedasto haikuwekwa alama. Ya mzee ndiyo iliyowekwa, na si nyumba, ni karakana, kile kitu pekee alichowahi kukichimbia chini.

Esperansi alitaka kumpigia binti yao simu. Mzee akamkataza, alisema mtoto asitiwe hofu akiwa njiani, akifika atakuta mizigo tayari. Nguo hakuzifunga. Sufuria hakuzifunga. Alisema nguo na sufuria kule waendako watagawiwa, ila vyuma havigawiwi.

Rustika alirudi siku ya pili, mchana, akiwa na vipimo vyake na furaha yake. Masista walikuwa wamempa chai na maandazi, wakamwita fundi. Sehemu ya safari alipanda gari moja na vijana wale wa fulana za kung'aa, wakamweleza kwamba wanapima njia ya umeme, akaona alama zao njia nzima, kwenye miti, kwenye kuta, kwenye choo cha mtu mmoja. Alikuwa anafikiria taa juu ya benchi. Alipokaribia nyumbani alisikia harufu ya plastiki inayoungua, akadhani mama yake anachoma takataka.

Baba yake alikuwa uani, amevaa viatu na koti la kanisani. Gunia lilikuwa miguuni pake limefungwa. Pembeni kulikuwa na makaa, na juu ya makaa michirizi ya njano iliyoganda.

Rustika akafungua gunia. Misumeno ilikuwa imefunguliwa vizuri, mipini imetolewa, skrubu zimefungwa kwenye kipande cha kanga na bisibisi yake. Vichwa vya nyundo vilikuwa safi. Lakini mipini ya patasi haikuwa na skrubu wala tundu, mzee alikuwa ameiyeyusha motoni. Bila shaka aliweka upande wa mpini tu. Ila joto halikai upande mmoja. Chuma kilikuwa kimepata rangi ya buluu kuelekea makali, buluu ile ambayo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anafundishwa kuiogopa, kwa kuwa chuma kikishafika hapo hakishiki tena makali. Mzee alilijua hilo kabla Rustika hajazaliwa.

Rustika aliingia karakanani. Miguu ya benchi ilikuwa imekatwa kwa msumeno usawa wa zege. Bolti alizoziponda yeye zilikuwa zimepigwa na kupigwa, zimepinda, hazikutoka. Jiliwa lilikuwa limepasuka katikati. Taya moja bado imeng'ang'ania ubao, nyingine iko chini kwenye vumbi la mbao, na pale palipovunjika paling'aa kama sukari.

Alisimama na kile kipande mkononi. Nje baba yake akamwita mwanangu, kwa Kirundi, kwa upole kabisa.

"Twende, mwana wanje. Tukichelewa tutakuta sehemu nzuri zimekwisha."

"Twende wapi?" Rustika akasema.

"Wameweka alama."

"Ni umeme, baba. Ni waya wa umeme. Vijana wenyewe wameniambia, njia nzima kuna alama. Twende wapi?"

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia mtoto, na kule kuhurumiwa ndiko kulikomshinda Rustika. Yeye aliyeombwa kila siku arudie maneno yake, siku ile alisikika mpaka kwa Vedasto, mpaka kisimani.

"Mkimbizi hapa ni wewe. Mimi si mkimbizi. Mimi nimezaliwa hapa, hapa ni kwangu. Wewe ukitaka kwenda, nenda."

Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halitamkwi. Watoto walipoitwa hivyo shuleni walirudi wakasema wametukanwa, na hawakuulizwa wametukanwaje. Esperansi alitoka jikoni akasimama na mwiko. Kuku walikuwa wanaendelea kupekua.

Mzee alikaa chini akiwa na koti lake la kanisani, akatoa vyuma kutoka kwenye gunia kimoja kimoja, akavipanga juu ya nyasi, vidogo mbele, vikubwa nyuma, kama mtu anayerudisha vitu vya watu. Alipomaliza akakunja gunia. Akaenda kunawa.

Jikoni Esperansi alimwambia binti yake mambo mengine kwa uchungu na mengine kwa uchovu. Alimwambia kwamba usiku mzima mzee hakulala. Kuhusu jiliwa alimwambia mwisho.

"Nilimwambia liache dude hilo, wewe mwenyewe hukulitaka. Akasema, hilo ndilo mtoto analolipenda, siwezi kuliacha nyuma. Nikamwuliza nani atalibeba. Akasema, nitalibeba mimi." Alipuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. "Kwa mgongo upi, nikamwuliza. Akachukua nyundo."

Rustika alimfuata baba yake nyuma ya nyumba, akapiga magoti kwenye udongo uliolowa maji ya kunawia, akasema, "Baba, nisamehe." Mzee akamwinua kwa mikono miwili.

"Hujakosa kitu," akasema. "Umesema kweli."

Alisema kwa Kiswahili. Rustika hakutambua hapo hapo. Alitambua kesho yake, na keshokutwa. Baba yake, aliyemlea kwa Kirundi, aliyemtania na kumgombeza kwa Kirundi, sasa alizungumza naye Kiswahili, kisafi, cha ofisini, kile alichotumia kwa maofisa na madaktari. Alisema asante na samahani. Akitaka kupita mbele ya karakana kwenda shambani, alisimama kwanza. "Naomba kupita," alisema, na akangoja mpaka aruhusiwe. Mwanzoni Rustika alidhani ni hasira, akajipa moyo kwamba hasira huisha. Lakini haikuwa hasira. Mzee alikula vizuri, alilala vizuri, alicheka na Vedasto. Alikuwa tu ameambiwa mahali pake, na yeye alikuwa mtu wa kushika alichoambiwa.

Kazi ya masista ilikuwa inasubiri. Rustika alirudi Tabora kununua patasi na jiliwa jingine, dogo kuliko la kwanza. Lukumani aliuliza mzee yuko wapi leo, aje apime mizigo. Rustika akasema ana kazi. Alichagua peke yake, haraka. Hakuna aliyeinua kitu mkononi, hakuna aliyeuliza kitatokaje wala kitahamaje, na kila alichokigusa kilikuwa sawa tu. Alijikuta anashika patasi na kusubiri, akimpa mtu nafasi ya kukataa.

"Chukua hiyo, mama, nzuri hiyo," Lukumani akasema, amechoka kungoja.

Benchi alilirudishia miguu ya vipande vya mninga. Milango aliiunga mwenyewe, akaisafirisha mpaka Goweko. Mmoja uliburuza chini. Sista mkuu aliufungua na kuufunga, akasikiliza, akasema Mungu akubariki binti, na kuhusu madirisha akasema watafikiria. Nyumbani mzee alimwuliza safari ilikuwaje, kama anavyoulizwa mgeni. Rustika akamwambia kuhusu mlango unaoburuza. Zamani angeuliza ni bawaba ya juu au ya chini, angevaa viatu wakati huo huo, wangerudi Goweko pamoja na kugombana njia nzima. Sasa alisema pole sana. Akasema kazi ni ngumu.

Watu waliendelea kuja kumtafuta Fundi Ntaho. Aliwaonyesha kwa mkono kwamba fundi yuko ndani. Mwenyewe alikaa kwenye gogo upande wa barabara, pale wageni wanapokaa wakisubiri kukaribishwa, na Rustika akiwa kazini alimwona mgongo kupitia dirishani. Alimpelekea chai huko. Mara mbili tatu alimpelekea mbao na kumwomba ushauri, jambo ambalo lilihitaji ajikaze siku nzima. Mzee aliipokea mbao, akaipapasa, akampongeza, akamrudishia.

Umeme ulifika mwanzoni mwa masika. Nguzo ilisimamishwa karibu na kona ya karakana, kando ya ile alama, na waya ukavutwa mpaka chini ya paa. Ilikuwa adhuhuri. Majirani walijaa uani. Vedasto alikuwa amekuja mapema na kiti chake mwenyewe, akisema kwamba yeye alisema. Fundi wa umeme, kijana mwenye penseli sikioni, alimaliza kufunga balbu juu ya benchi, akashuka ngazi, akapangusa mikono.

"Mwenye nyumba nani, aje awashe?"

Watu wote walimgeukia mzee. Alikuwa amesimama mlangoni, nje ya kizingiti. Alinyoosha mkono wake wa kulia, kiganja wazi, kwa heshima, kuelekea kwa Rustika.

"Mwenyewe ni huyo," alisema.

"Baba, washa wewe," Rustika akasema. Akasema tena, kwa Kirundi. Kijana wa umeme akadhani ni adabu za kwao, akatabasamu na kungoja.

Mzee aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru kwa kualikwa, akarudi hatua moja nyuma ili asizibe mwanga. Watu walikuwa wanamtazama Rustika. Vedasto akamwambia harakisha mama, wengine bado hatujala. Akabonyeza. Wanawake wakapiga vigelegele, Esperansi akiwa miongoni mwao, na mchana ule mweupe taa haikuongeza kitu chochote. Ilionekana tu kwamba imewaka. Rustika alipogeuka mlangoni, baba yake alikuwa anawasogezea wageni viti, akimwuliza kila mmoja kama amepata pa kukaa.